Namna ya Kuhama Chama Kimoja Bila Kugusa Vyombo

Ukitaka nchi iingie kwenye vyama vingi, na miaka thelathini baadaye kila uchaguzi ukikaribia watu bado wananunua unga wa akiba na kuwarudisha watoto kijijini, usihangaike kutafuta mabeberu wala usilaumu hulka ya wananchi. Upo utaratibu wa kufuata. Umefuatwa Moscow, umefuatwa Budapest, na hapa kwetu umefuatwa tangu 1992. Unafanya kazi.

Tanzania ni nchi ya miongozo. TANU ilitoa wake mwaka 1971, na kifungu cha 15, kilichokemea viongozi wenye kiburi, wafanyakazi wa viwandani walikisoma wakakiamini, wakawagomea mameneja wao huku wakikitaja. CCM ikatoa Mwongozo wa 1981. Na mimi nimechagua umbo hilo kwa sababu naamini misukosuko ya siasa zetu haikuja kwa bahati mbaya. Ina hatua, hatua zina tarehe, na pembeni ya kila hatua palikuwa na njia nyingine ambayo haikufuatwa. Asiyetaka matokeo na azisome hatua hizi kinyume.

Nianzie Mgololo. Wa mbali wanalijua jina hilo kwa sababu ya kiwanda cha karatasi, kule kusini mwa Mufindi, ndani ya msitu wa kupanda wa Sao Hill. Southern Paper Mills ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ikaanza kazi katikati ya miaka ya 1980 ikiwa na uwezo wa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Ilikuwa mali ya umma, na kiwanda cha umma wakati ule kilikuwa na meneja na kilikuwa na tawi la Chama. Jumuiya ya wafanyakazi, JUWATA, ilikuwa ya Chama. Aliyetoka zamu jioni alirudi kwenye nyumba iliyo chini ya balozi wa nyumba kumi, naye wa Chama. Mambo ya wilaya yakawa ya Mkuu wa Wilaya, naye vilevile. Hapakuwa na mstari wa kuonyesha Chama kimeishia wapi na Serikali imeanzia wapi, na hilo halikufichwa: tangu 1975 katiba yenyewe ilisema Chama ndicho kinachoshika hatamu.

Kazi ya 1992 ilikuwa kuuchora mstari huo. Yafuatayo ni maelekezo ya namna ya kutouchora.

Uliza wananchi, kisha chukua ushauri mmoja kati ya ripoti nzima

Kwanza subiri mwenzako anyolewe. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 9, 1989, na siku ya Krismasi mwaka huohuo Nicolae Ceaușescu wa Romania, aliyezoea kushangiliwa na umati wa kupangwa, alipigwa risasi yeye na mkewe. Februari 1990 Mwalimu Nyerere, akiwa bado Mwenyekiti wa CCM, alisema kuzungumzia vyama vingi si uhaini. Aliuona upepo mapema kuliko wengi wa chama chake, na kwa hilo anastahili heshima isiyo na masharti.

Februari 1991 Rais Mwinyi akaunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali. Ilizunguka nchi, ikasikiliza makumi ya maelfu ya watu, na asilimia 77 kati yao wakasema chama kimoja kiendelee. Takwimu hiyo imetumiwa vibaya kwa miaka mingi. Husemwa kwamba vyama vingi tulipewa bila kuvitaka, kama hisani ya wakubwa, na kilichotolewa kwa hisani kinaweza kupunguzwa bila kumdhulumu mtu. Lakini Tume iliwasikia vizuri hao asilimia 77. Wengi wao walitaka chama kimoja chenye mabadiliko makubwa, kinachosikiliza, kisichoonea. Nyalali na wenzake wakaona kwamba mabadiliko hayo yasingepatikana ndani ya chama kimoja, wakapendekeza mfumo wa vyama vingi. Walifanya kazi ya kisomi na ya kijasiri.

Sasa hapa ndipo anayefuata mwongozo huu awe makini. Ripoti ya Nyalali haikusema tu "ruhusuni vyama". Ilitaja sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa sababu ni kandamizi. Ilitaka katiba mpya, iandaliwe na chombo maalumu na ijadiliwe na wananchi. Ilitaka elimu ya uraia itolewe kwa upana. Ilitaka muundo wa Muungano uangaliwe upya, wa serikali tatu. Yote yalikuwa kitu kimoja, kwa kuwa kuruhusu mshindani huku ukimwachia sheria za enzi ya kutokuwa na mshindani ni kumkaribisha aje aonewe. Chukua basi lile la vyama peke yake. CCM iliridhia mapema 1992, katiba ikarekebishwa, na Julai 1, 1992 vyama vingi vikaanza kisheria. Sheria nyingi kati ya zile 40 zikabaki. Sheria ya Magazeti ya 1976 iliendelea kufungia magazeti hadi 2016, ilipopisha sheria nyingine kali. Zile za 1962 zilizowapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani zilipisha Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, na uwezo ukabaki. Mkuu wa Wilaya wa leo anaweza kumweka mtu ndani hadi saa 48, na diwani wa upinzani yeyote wa Nyanda za Juu Kusini anaijua sheria hiyo bila kufungua kitabu.

Piga viraka

Katiba ya 1977 iliandaliwa na watu walewale 20, chini ya Sheikh Thabit Kombo, waliokuwa wameandaa katiba ya CCM. Ilikuwa katiba ya chama kimoja kwa makusudi, na kwa kazi hiyo ilikuwa sawa. Ukitaka nchi isitulie, usiiandike upya. Ongeza maneno. Fungua ibara ya 3 leo uisome: Jamhuri ya Muungano ni nchi ya kidemokrasia, ya kijamaa, isiyo na dini, yenye kufuata mfumo wa vyama vingi. Ujamaa umebaki pale, baada ya mashirika ya umma kuuzwa, ukiwa umekaa bega kwa bega na vyama vingi.

Kinachoumiza zaidi ni urais. Chini ya chama kimoja Rais alikuwa na madaraka makubwa sana ya kuteua: majaji, mawaziri, wakuu wa vyombo vya ulinzi, wakuu wa mikoa na wa wilaya, wakurugenzi. Lakini palikuwa na pahala pa kumbana, napo ni vikao vya Chama, maana Chama kilikuwa juu ya Serikali. Kati ya 1985 na 1990 nchi ilikuwa hata na wakubwa wawili, Mwinyi Ikulu na Nyerere kwenye uenyekiti wa Chama, na waziri aliyelelewa katika siasa zile alijua kuna milango miwili ya kubisha hodi. Agosti 1990 viti hivyo viwili vikarudi kwa mtu mmoja. Miaka miwili baadaye ukuu wa Chama ukaondolewa kwenye katiba, ambalo ni jambo jema kabisa. Madaraka ya Rais yakabaki yaleyale. Kwa hiyo tuliingia vyama vingi tukiwa na Rais mwenye nguvu zote za zamani, bila kikao cha zamani cha kumbana, na bila bunge wala mahakama iliyoimarishwa kuchukua nafasi ya kikao hicho. Mbunge wa chama tawala akifukuzwa uanachama anapoteza ubunge, na mwenyekiti wa chama kinachoweza kumfukuza ndiye Rais anayepaswa kumsimamia. Sijui ni wapi pengine pa kuanzia kueleza ukimya wa Bunge letu.

Warusi walikwenda njia ya mkato zaidi. Oktoba 1993 Boris Yeltsin alilipiga bunge lake mizinga, na Desemba mwaka huo akapata katiba yenye rais wa nguvu nyingi. Waliompongeza kwa kuwa alikuwa mwanamageuzi hawakujiuliza nani angekalia kiti hicho baada yake. Wahungari walipiga viraka: katiba yao ya 1949, ya Wakomunisti, ilirekebishwa karibu yote mwaka 1989 na kuitwa ya muda. Muda huo ukachukua miaka 22. Mwaka 2010 chama cha Viktor Orbán kilipata kura nusu na kidogo, sheria ya uchaguzi ikakigeuzia kura hizo kuwa theluthi mbili ya viti, na theluthi mbili ikatosha kuandika katiba mpya peke yake. Katiba ya muda inamsubiri wa kwanza mwenye nguvu ya kuimiliki.

Usihesabu mali

Hatua hii haitajwi sana, nami naiona ndiyo mzizi.

Kiwanda cha Mgololo kilisimama miaka ya 1990. Kikaingia kwenye orodha ya Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ile ya PSRC, na mwaka 2004 kikauzwa kwa kampuni ya Rai ya Kenya, kikawa Mufindi Paper Mills. Watu wana maoni yao juu ya bei na juu ya yaliyowapata wafanyakazi wa zamani, na wana haki ya kuwa nayo. Lakini angalia utaratibu: Serikali iliweza kukaa, ikaandika kila mtambo, kila nyumba, kila ekari, kila deni, ikasema hiki ni cha nani na kinakwenda kwa nani. Mamia ya mashirika yalipitia mkono huo. Nchi haikukosa watu wa kuhesabu.

Kazi hiyo haikufanywa kwa mali iliyokuwa na jina la Chama. Panda basi Mafinga uende Iringa mjini, utaukuta uwanja wa Samora. Geuza uende Mbeya, utaukuta uwanja wa Sokoine. Vyote ni vya CCM. Songea kuna Majimaji, Morogoro na Dodoma kuna Jamhuri, Arusha kuna Sheikh Amri Abeid, Mwanza kuna Kirumba, Tabora kuna Ali Hassan Mwinyi. Vilijengwa au kukabidhiwa Chama enzi ambazo mchango wa Chama na mchango wa taifa vilikusanywa na mtu mmoja kwa kitabu kimoja cha stakabadhi, na mwananchi hakuwa na chama kingine cha kuchangia hata angetaka. Mkulima wa chai wa Mufindi, mwalimu wa Rungwe, mfanyabiashara wa Mwanjelwa: kila aliyetoa fedha au nguvu alitoa kwa ajili ya uwanja wa mkoa. Siku ya kutengana, uwanja ukabaki kwa mmoja. Leo Mbeya City ikicheza nyumbani na maelfu wakalipa kiingilio, chama kimoja cha siasa kina fungu lake kwenye mapato ya mlangoni. Shabiki wa CHADEMA aliyekaa mzunguko anachangia mpinzani wake kila Jumamosi.

Wenzetu wa Ulaya Mashariki walilishika jambo hili mwanzoni kabisa. Ujerumani Mashariki iliunda tume huru ya kuchunguza mali za vyama Juni 1990, kabla hata ya nchi mbili kuungana, na kazi yake ilichukua miaka mingi kwa sababu fedha zilikuwa zimefichwa mbali. Czechoslovakia na Poland zilitunga sheria mwishoni mwa 1990 kurudisha kwa umma mali za chama kilichotawala. Haikuwa kisasi. Walielewa kwamba mashindano ya haki hayawezi kuanza wakati mshindani mmoja ameondoka na urithi wa familia nzima. Na chama tawala cha zamani cha Poland, kikiwa kimebadilishwa na kupungukiwa mali, kilirudi madarakani kwa kura mwaka 1993. Kilishinda kwa jasho lake, na aliyeshindwa hakuwa na la kulalamikia.

Nayaandika haya bila chuki na CCM. Wapo wanachama wake wengi tu, wazee waliojenga nchi hii, ambao uwanja wa Samora ukirudi Manispaa ya Iringa hawatapoteza chochote walichokipigania.

Mvalishe mtu mmoja kofia mbili

Iringa inajua gharama ya kofia mbili tangu zamani. Desemba 25, 1971, huko Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia uanzishaji wa vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alinyongwa. Kuua ni kuua, na Klerruu hakustahili kufa. Lakini Mkuu wa Mkoa wa wakati ule ndiye aliyekuwa pia katibu wa TANU wa mkoa. Mkulima mwenye ugomvi na sera ya Chama hakuwa na ofisi nyingine ya Serikali ya kwenda kushtakia, kwa sababu aliyemjia shambani kwa niaba ya Chama ndiye alikuwa Serikali. Ofisi moja ikifunga masikio, hakuna ya pili.

Kwa hiyo ukiingia vyama vingi, tenganisha vyeo kwenye karatasi na uviache viketi meza moja. Mkuu wa Wilaya ni mtumishi wa umma, analipwa na kodi ya wote, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Huyohuyo ni mjumbe wa kamati ya siasa ya CCM ya wilaya kwa mujibu wa katiba ya chama hicho. Mpinzani anapopeleka taarifa polisi kwamba atafanya mkutano wa hadhara baada ya saa 48, kama sheria inavyotaka, barua yake inafika mezani kwa watu ambao jioni wanakaa kikao cha kupanga namna ya kumshinda. Sidai kwamba kila mkuu wa polisi au kila Mkuu wa Wilaya ni mbaya. Wapo waadilifu, na uadilifu wao unaonekana kwa sababu mfumo hauwasaidii kuwa nao.

Nyololo iko Mufindi, kwenye barabara kuu iendayo Makambako na Mbeya, pale inapochepuka njia ya Mtwango. Septemba 2, 2012 CHADEMA walikuwa wanafungua tawi. Tawi la chama, ofisi ndogo na bendera, jambo ambalo sheria ya 1992 imeliruhusu waziwazi. Polisi walikuwa wamezuia mikutano kwa kusema sensa haijaisha. Yalipigwa mabomu ya machozi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari cha Iringa, alizingirwa na askari, akapigwa, kisha bomu likalipuliwa likiwa limemwelekea tumboni kwa karibu sana. Zipo picha. Aliyeziona hazimtoki. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilisema polisi walikiuka sheria, na mwaka 2016 askari mmoja akahukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Aliyetoa amri ya kuzuia ufunguzi wa tawi hakushtakiwa kwa lolote. Mtu alikufa Mufindi, miaka 20 baada ya vyama vingi kuruhusiwa, kwa sababu nchi haijaamua polisi wa wilaya ni wa nani wakati chama cha pili kinapopandisha bendera.

Chini kabisa yuko balozi. Cheo chake ni cha CCM, kiongozi wa shina, lakini mgeni akihamia kijijini huelekezwa aripoti kwa balozi, majirani wakigombania mpaka hupelekwa kwa balozi. Wengi wao ni wazee wa busara na wanasuluhisha mambo vizuri kuliko mabaraza. Ndiyo sababu imekuwa vigumu kuuliza kwa nini usuluhishi wa kijiji uwe kazi ya chama.

Na uchaguzi wenyewe mkabidhi mkurugenzi wa halmashauri, anayeteuliwa na Rais, awe msimamizi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema jambo hilo linakwenda kinyume cha katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Bob Chacha Wangwe. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ikaja kumpa haki mwaka 2023. Sheria za 2024 zimeongeza neno "Huru" kwenye jina la Tume ya Taifa ya Uchaguzi na kuweka kamati ya usaili wa wajumbe. Anayewateua bado ni Rais.

Funga mlango wa mahakama

Mchungaji Christopher Mtikila aliudhi watu wengi, na mengine aliyoyasema majukwaani siwezi kuyatetea. Lakini mwaka 1993 aliuliza mahakamani swali safi: kwa nini Mtanzania asiye na chama asiweze kugombea? Jaji Kahwa Lugakingira akamkubalia mwaka 1994. Serikali ikaenda bungeni, ikabadili katiba kuifuta hukumu hiyo. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006. Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kwamba suala hilo ni la Bunge. Akaenda Mahakama ya Afrika, akashinda Juni 2013. Alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao hakuna mgombea binafsi aliyesimama.

Ibara ya 41 inasema matokeo ya urais yakishatangazwa hakuna mahakama ya kuyachunguza. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ilisema hilo nalo linakiuka Mkataba wa Afrika. Miezi michache kabla, Novemba 2019, Tanzania ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu raia wake na asasi kuishtaki katika mahakama hiyo, ambayo tumeipa makao Arusha. Kenya walijifunza kwa damu ya 2007 na 2008 kwamba mwenye malalamiko na asiye na mahakama atakwenda barabarani. Katiba yao ya 2010 ikaweka mlango, na Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais. Mambo yao mengine ni magumu, lakini jioni ile walioshindwa walikwenda nyumbani wakiwa na hukumu mkononi.

Zanzibar inatosha kutajwa kwa matukio. 1995 Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za mpinzani wake, Maalim Seif. Januari 2001 watu waliuawa Pemba na Unguja. Mapatano yalikuwa matatu: Muafaka wa 1999, Muafaka wa 2001, Maridhiano ya 2010. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akafuta uchaguzi mzima baada ya kura kuhesabiwa. Kila mapatano yalitegemea watu wawili waliopeana mikono.

Anza upya, ukaribie mwisho, acha

Mwaka 2012 Rais Kikwete aliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Ilikuwa Nyalali kwa mara ya pili: wananchi wakasema, Tume ikasikia, rasimu ikatoka Desemba 2013 ikiwa na serikali tatu na madaraka ya Rais yaliyopunguzwa. Bunge Maalumu likawekwa wabunge wote wa kawaida, yaani wenye mfumo wa zamani wakapewa rasimu ya kuubadili. Aprili 2014 umoja wa wapinzani, UKAWA, wakatoka nje. Oktoba 2, 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao. Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na haijapigwa.

Matokeo ya kufuata hatua zote ni haya. Novemba 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa unaosimamiwa na TAMISEMI, wapinzani walienguliwa kwa makosa ya kujaza fomu, wakasusa, na CCM ikapata zaidi ya asilimia 99. Novemba 2024 hali ikawa karibu hiyohiyo. Oktoba 29, 2025 tulipiga kura CHADEMA ikiwa nje ya uchaguzi, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, mgombea urais wa ACT-Wazalendo akiwa ameenguliwa. Vijana wakaingia barabarani. Intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakauawa. Mshindi akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 97.

Wapo wanaosema yale yalikuwa mambo ya vijana wasiojua historia. Mimi nasema vijana wale walikulia miaka ya kuzuiwa mikutano ya hadhara, hawakuwa na mgombea kwenye karatasi, hawakuwa na mahakama ya kulalamikia, na mwenyekiti wa mtaa hawakumchagua. Nyalali aliiona hatari ya sheria kandamizi zaidi ya miaka thelathini kabla, akaiandika.

Kwa mtu wa Mgololo hili si la Dodoma peke yake. Mufindi ni nchi ya miti, na mti ni fedha. Makampuni na watu wa mijini wanatafuta ardhi ya kupanda, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 anayeisimamia ardhi hiyo ni halmashauri ya kijiji. Mwenyekiti asiyeshindanishwa na mtu ndiye anayefungua kikao cha kugawa mlima. Sheria ya Tume ya 2024 inasema Tume itasimamia uchaguzi wa vijiji na mitaa kwa kadiri sheria itakayotungwa na Bunge itakavyoelekeza. Uchaguzi wa 2024 ulifanyika sheria hiyo ikiwa haijatungwa, mkononi mwa TAMISEMI, na uchaguzi unaofuata wa wenyeviti wa vijiji ni 2029.